Wanaorudi Kila Usiku: Historia ya Watazamaji wa Kudumu wa Opera na Baleti

Historia ya opera na baleti imezoeleka kuandikwa kama historia ya watunzi, waimbaji na wachezaji, ilhali kwa muda wa karne nne majumba ya sanaa hizo yamejengwa na kuendeshwa kwa matakwa ya watu ambao hawakuwahi kupanda jukwaani, yaani watazamaji waliorudi usiku baada ya usiku na msimu baada ya msimu. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au karibu yote, huimbwa pamoja na okestra, na baleti ni mchezo unaosimulia kisa kwa miondoko ya mwili uliofunzwa tangu utotoni, bila neno kutamkwa. Sanaa hizi mbili ni ghali kupita michezo mingine ya jukwaani, kwa kuwa onyesho moja huhitaji waimbaji au wachezaji wengi, okestra nzima, mafundi wa mandhari, washonaji wa mavazi na jengo ambalo ni wachache wenye uwezo wa kulisimamisha. Mtu anayefika mara moja kwa mwaka, akapiga makofi na kwenda zake, hawezi kuzibeba gharama hizo. Aliyezibeba kwa sehemu kubwa ya historia ni mtazamaji wa kudumu, na kwa kuwa fedha yake ilihitajika kabla ya pazia kufunguliwa, ndiye pia aliyeamua umbo la ukumbi, saa ya kuanza na hata mahali pa kuwekwa ngoma ndani ya kisa.

Mwanzoni opera haikuwa na watazamaji wa aina hiyo, kwa sababu haikuwa na mlango wa kununulia tiketi. Opera za kwanza zilionyeshwa katika makasri ya watawala wa Italia, kama vile Florence, na pia Mantua, ambako mwaka 1607 Claudio Monteverdi alionyesha opera yake iitwayo Orfeo mbele ya wageni walioalikwa. Mgeni wa kasri hakuwa na hiari ya kurudi, kwani onyesho lilitungwa kwa ajili ya harusi au sherehe fulani na likaisha nayo. Mambo yalibadilika katika mji wa Venice mwaka 1637, ulipofunguliwa ukumbi wa San Cassiano, mali ya ukoo wa Tron, ambao ndio ukumbi wa kwanza unaojulikana kuonyesha opera kwa yeyote mwenye fedha ya kiingilio. Opera iliyoufungua, Andromeda, maneno yake yaliandikwa na Benedetto Ferrari na muziki wake ukatungwa na Francesco Manelli. Msimu ulifuata kalenda ya karnivali, yaani kipindi cha sherehe kinachoanza siku moja baada ya Krismasi na kwisha mkesha wa Kwaresima, na katika majuma hayo machache mji mzima ulitembea umevaa vinyago.

Jambo lililoufanya mpango wa Venice udumu halikuwa tiketi ya mlangoni, bali roshani. Roshani, kwa maana inayotumika hapa, ni chumba kidogo kilicho wazi upande unaolitazama jukwaa, na vyumba hivyo hupangwa safu juu ya safu kuzunguka ukumbi, kwa umbo lililo kama kwato ya farasi. Jamaa tajiri walikodi roshani kwa mwaka na kulipa mapema, na haki ya kuikodi ilirithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama shamba au nyumba. Kodi hiyo ndiyo iliyowapa wenye kumbi uhakika wa fedha za msimu unaofuata, wakati mapato ya kila usiku yalipanda na kushuka kwa mvua, vita na uvumi. Mtazamaji asiye na roshani alikaa chini, kwenye uwanja ulio mbele ya jukwaa, akiwa na libreto mkononi, yaani kijitabu chenye maneno ya opera, pamoja na mshumaa mdogo wa kusomea. Vijitabu vilivyosalia katika maktaba bado vina madoa ya nta iliyodondoka juu ya kurasa, na ushahidi huo mdogo una thamani kubwa, kwa sababu unathibitisha kuwa walikuwapo watu waliofuata maneno mstari kwa mstari, hata katika ukumbi uliojaa vinyago na minong'ono.

Umbo hilo la ukumbi lilienea Italia yote na hatimaye Ulaya yote. Ukumbi wa San Carlo ulifunguliwa Naples mwaka 1737 na ule wa La Scala ukafunguliwa Milan tarehe 3 Agosti 1778 kwa opera ya Antonio Salieri, Europa riconosciuta. Asili ya La Scala inaonyesha wazi nguvu ya wenye roshani, kwani ukumbi uliotangulia ulipoteketea kwa moto mwezi Februari 1776, walikuwa wao, jamaa zenye uwezo wa mji huo, walioomba ukumbi mpya na kugharimia ujenzi wake, na kwa malipo hayo kila mmoja alipata roshani iliyokuwa mali yake halisi. Mwenye roshani aliipamba ndani kwa vitambaa alivyovitaka, aliweka pazia aliloweza kulifunga, na katika vyumba vidogo vilivyokuwa ng'ambo ya ujia watumishi wake walimwandalia chakula.

Waandishi wengi wa baadaye wamewalaumu watazamaji wa karne ya 18 kwa kelele zao, kwa kula na kucheza karata wakati waimbaji wakiimba, lakini lawama hiyo inasahau hesabu rahisi. Opera moja ilirudiwa usiku mwingi mfululizo katika msimu mmoja, na mwenye roshani alikuwapo karibu kila usiku, kwa kuwa roshani ilikuwa ndiyo sebule yake ya kupokelea wageni, mahali pa kuposa, kupatana bei na kusikia habari za mji. Mtu aliyeisikia opera moja mara kumi na tano hakuhitaji kuketi kimya kuisikia mara ya kumi na sita. Alijua ni saa ngapi mwimbaji mkuu angeimba wimbo wake mkubwa, na kwa dakika hizo pazia za roshani zilifunguliwa na ukumbi ukatulia. Watunzi walilielewa jambo hilo na wakaandika kwa kulifuata, hata ikazuka aina ya wimbo iliyoitwa wimbo wa sorbeti, uliopewa waimbaji wadogo ili uimbwe wakati watazamaji wakinunua barafu tamu ya matunda. Kwa hiyo mpangilio wa opera za zama hizo, ambao leo huonekana kama mlolongo wa nyimbo kubwa zilizotenganishwa na maneno mepesi, una ndani yake alama ya mtazamaji aliyekuwa akirudi.

Kurudi huko kulizaa pia madai ya haki, na hakuna mahali madai hayo yalipojitokeza kwa ukali kama London mwaka 1809. Ukumbi wa Covent Garden, ambao wakati huo ulionyesha michezo ya maneno pamoja na ya muziki, uliungua mwezi Septemba 1808, ukajengwa upya na kufunguliwa tarehe 18 Septemba 1809. Meneja wake, mwigizaji John Philip Kemble, alipandisha kiingilio cha roshani kutoka shilingi 6 hadi 7, na cha uwanja wa chini kutoka shilingi 3 na peni 6 hadi shilingi 4, na pamoja na hayo akaigeuza safu nzima ya tatu kuwa roshani za faragha za kukodishwa kwa pauni 300 kwa mwaka. Watu wa kawaida waliosukumwa hadi kwenye vishimo vya juu kabisa waligundua kwamba mteremko ulikuwa mkali mno kiasi cha kuona miguu tu ya waigizaji. Hasira yao iliongezwa na habari kwamba mwimbaji mashuhuri wa opera kutoka Italia, Angelica Catalani, alikuwa ameajiriwa kwa mshahara mkubwa.

Kwa usiku 67 watazamaji walikuja, wakalipa, kisha wakazuia onyesho lisisikike. Walileta kengele, tarumbeta na mabango, wakavaa beji zenye herufi za kudai bei ya zamani, wakacheza kwa kukanyaga sakafu kwa pamoja hadi sauti za jukwaani zikamezwa. Mwezi Desemba Kemble alisalimu amri, akaomba radhi hadharani, akarudisha bei ya uwanja wa chini na kupunguza roshani za faragha, ingawa shilingi 7 za roshani za kawaida zilibaki. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kwa uzito wake, kwa sababu watu wale hawakuwa wakidai huduma ya mteja. Walikuwa wakidai kitu walichokiona kuwa chao. Ukumbi ulijengwa kwa hati ya mfalme na kwa mtaji wa watu binafsi, lakini mazoea ya kuketi ndani yake kwa miaka mingi yaliwafanya waamini kwamba bei haiwezi kubadilishwa bila wao.

Mjini Paris uhusiano huo ulichukua sura nyingine, na sura hiyo ina upande wa aibu ambao hauwezi kupitwa kimya. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1830, jumba la Opera la Paris, lililoanzishwa enzi ya Louis wa 14, lilikabidhiwa mfanyabiashara aliyeliendesha kwa hatari yake mwenyewe akisaidiwa na ruzuku ya serikali. Mwendeshaji wa kwanza, Louis Véron, aliyekuwa na cheo hicho kutoka 1831 hadi 1835, alitambua kwamba wenye fedha mpya wa mji, yaani wenye benki, wanasheria na wenye viwanda, walitamani mahali palipokuwa pa masharifu, naye akawauzia. Nguzo ya biashara yake ilikuwa tiketi ya msimu, ambayo kwa Kifaransa mwenye nayo aliitwa aboné: mtu aliyelipia kiti kilekile kwa usiku maalumu wa juma, Jumatatu, Jumatano au Ijumaa, kwa mwaka mzima. Pamoja na kiti, aboné wa daraja la juu aliruhusiwa kupita mlango wa nyuma na kuingia katika foyeri ya ngoma, chumba ambamo wachezaji wa baleti walijinyoosha na kupasha miili moto kabla ya kupanda jukwaani.

Zama hizo zilikuwa za fahari kwa baleti. Marie Taglioni alicheza La Sylphide mwezi Machi 1832 akisimama kwenye ncha za vidole kwa wepesi uliowafanya watazamaji waamini kuwa ni roho, na mwaka 1841 ilionyeshwa Giselle, ambayo bado inachezwa kote duniani. Hata hivyo wengi wa wasichana waliocheza nyuma ya nyota hao walitoka katika nyumba za wafuaji nguo, mafundi na mabawabu, mishahara yao ilikuwa midogo, na bwana mwenye kofia ndefu nyeusi aliyesimama foyerini alijua hivyo. Wapo waliopata wafadhili, wapo walioharibiwa maisha. Msichana aliyekuwa kielelezo cha mchoraji na mchongaji Edgar Degas kwa ajili ya sanamu yake ya mchezaji mdogo, iliyoonyeshwa mwaka 1881, aliitwa Marie van Goethem, mtoto wa mfuaji nguo, na mwaka uliofuata aliondolewa katika jumba hilo. Haki ya mtazamaji wa kudumu iligeuka hapa kuwa haki juu ya miili ya watoto wa maskini, na hakuna uzuri wa jukwaani unaoweza kuihalalisha.

Degas mwenyewe ni shahidi wa ajabu, kwani alikuwa ndani ya mpango huo na bado aliuchora kwa jicho lisilokwepa. Katika michoro yake ya jukwaani huonekana mara nyingi kipande cha bwana mmoja pembeni, suruali nyeusi na ncha ya kiatu, nusu yake ikiwa imefichwa na mandhari ya kitambaa, wakati katikati ya picha msichana akiinama kupokea makofi. Daftari za jumba hilo zimehifadhi jina lake miongoni mwa waliopita mlango wa nyuma, na zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1885 na 1892 aliitazama opera moja ya Ernest Reyer, iitwayo Sigurd, zaidi ya mara 30. Kuna jambo la kujifunza katika kurudia huko: macho ya mchoraji yalihitaji onyesho lilelile, mwanga uleule na mkono uleule uliochoka, hadi kilichokuwa kigeni kikawa kama chumba cha nyumbani.

Nguvu ya maaboné dhidi ya kazi ya sanaa ilidhihirika mwezi Machi 1861, wakati opera ya Richard Wagner iitwayo Tannhäuser ilipoletwa Paris kwa amri ya Mfalme Napoleon wa 3. Desturi ya jumba hilo ilidai kila opera kubwa iwe na baleti, na baleti hiyo iwekwe katika sehemu ya pili ya mchezo, kwa sababu mabwana wa chama cha Jockey Club, waliokuwa na roshani za kudumu, walikula chakula cha jioni kwanza na kufika ukumbini baadaye ili wawaone wachezaji waliowafadhili. Wagner aliandika ngoma, lakini kwa kuwa kisa chake kiliihitaji mwanzoni, aliiweka mwanzoni. Mabwana wale walikuja na filimbi na kuzipuliza hadi muziki ukazimwa, usiku wa kwanza na wa pili. Onyesho la tatu liliwekwa Jumapili, siku isiyokuwa ya tiketi za msimu, kwa matumaini kwamba hawangefika, nao wakafika. Baada ya usiku huo Wagner aliiondoa opera yake. Maandalizi yalikuwa yamechukua mazoezi zaidi ya 160, na yote yaliangushwa na ratiba ya chakula cha jioni.

Jumba jipya lililobuniwa na Charles Garnier, lililofunguliwa tarehe 5 Januari 1875, liliandika hadhi ya maaboné kwenye mawe. Walipewa banda lao la pembeni la kushukia magari ya farasi bila kulowana, ukumbi wao wa mviringo chini ya ukumbi wa maonyesho, na foyeri ya ngoma iliyopambwa kwa dhahabu nyuma ya jukwaa, yenye kioo kikubwa ukutani. Mtazamaji aliyelipia usiku mmoja aliingia kwa mlango wa mbele. Mpango mzima wa ghorofa ya chini unasomeka hadi leo kama orodha ya nani alikuwa nani.

Katika Urusi ya wafalme walizuka watazamaji walioupenda mchezo wenyewe kwa kiasi kilichopita cha Paris, ingawa nao walikuwa watu wa tabaka la juu. Waliitwa wabaletomani, neno lililoundwa kwa maana ya watu walioshikwa na wazimu wa baleti. Inasimuliwa kwamba Taglioni alipoondoka St. Petersburg mwaka 1842, baadhi yao walivinunua viatu vyake vya kuchezea, wakavipika na kuvila kwa mchuzi. Katika ukumbi wa Mariinsky, mwishoni mwa karne ya 19, baleti ilionyeshwa Jumatano na Jumapili, na viti vya mbele vilishikiliwa kwa tiketi za msimu zilizorithiwa ndani ya ukoo, kiasi kwamba mgeni angeweza kuishi mjini humo miaka mingi asipate kukalia hata kimoja. Majenerali wastaafu, maofisa na wahariri walihesabu mizunguko ya mchezaji kwa makini ya mweka hazina. Pierina Legnani, Mwitaliano, alipozunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja katika Ziwa la Mabata Maji ya mwaka 1895, walikuwapo waliozihesabu zote, na tangu hapo mizunguko 32 imekuwa kipimo ambacho kila mchezaji wa nafasi hiyo hupimwa nacho.

Ujuzi wa wabaletomani haukuishia kwenye kuhesabu. Sergei Khudekov, mhariri wa gazeti na mtazamaji wa miaka mingi, alishirikiana na mtunga ngoma Marius Petipa kuandika kisa cha La Bayadère, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1877, na baadaye akaandika historia ya ngoma yenye majuzuu kadhaa. Konstantin Skalkovsky, mhandisi wa migodi, aliandika tahakiki ambazo wachezaji wenyewe walizisoma kwa hofu. Juu yao kabisa, karibu na dari, walisimama na kuketi wanafunzi na makarani waliopanga foleni katika baridi ya usiku kutafuta tiketi za bei ya chini. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 viti vya mbele vilipoteza wamiliki wake, na tiketi zikagawiwa kwa wafanyakazi na askari, ambao wengi wao walikuwa wakiingia katika jumba hilo kwa mara ya kwanza.

Ukimya unaofahamika leo katika kumbi za opera ni desturi changa, na haukuletwa na adabu ya watazamaji bali na amri za wenye sanaa. Wagner, ambaye Paris ilimfundisha kwa uchungu, alijijengea ukumbi wake Bayreuth, Ujerumani, ambao ulifunguliwa mwezi Agosti 1876, ukiwa na viti vilivyopangwa kama upepeo vikielekea jukwaani, safu za roshani za pembeni zikiwa zimefutwa, okestra ikiwa imefichwa shimoni na taa za watazamaji zikiwa zimezimwa. Gizani hakuna anayeonekana, na asiyeonekana hana sababu ya kuja kuonekana. Kiongozi wa okestra Arturo Toscanini aliifuata njia hiyo La Scala kuanzia mwaka 1898, akapunguza taa, akawataka wanawake wavue kofia zao na kukataa kurudia nyimbo hata makofi yakinguruma. Gustav Mahler, alipokuwa mkurugenzi wa opera ya Vienna kuanzia 1897 hadi 1907, aliwafungia mlango waliochelewa na kuwapiga vita wapiga makofi wa kukodiwa, kundi lililolipwa na waimbaji ili lianzishe shangwe kwa wakati uliopatanwa. Hasara ipo pia: msikilizaji wa taarabu wa Zanzibar, anayeinuka kitini na kumtuza mwimbaji noti mkononi pale ubeti ulipomgusa, yuko karibu zaidi na mtazamaji wa Naples wa mwaka 1750 kuliko alivyo mtazamaji wa Bayreuth.

Uhusiano wa taarabu na kumbi hizi si wa mlinganisho peke yake. Mjini Cairo, Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alifungua jumba la opera la mbao tarehe 1 Novemba 1869 kwa Rigoletto ya Giuseppe Verdi, na tarehe 24 Desemba 1871 opera ya Verdi iitwayo Aida ilionyeshwa humo kwa mara ya kwanza duniani, wanawake wa kasri wakitazama kutoka roshani zilizofunikwa kwa kitambaa chepesi. Ni katika Cairo ya zama hizo, kwa mujibu wa masimulizi ya Zanzibar, ambako Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi ambayo bado ni uti wa mgongo wa taarabu asilia. Jumba la Cairo liliungua mwezi Oktoba 1971. Miaka 40 baadaye, Oktoba 2011, Sultani Qaboos wa Oman alifungua jumba la opera la Muscat, na onyesho lake la kwanza likawa Turandot ya Giacomo Puccini. Katika mji huo, ambamo wamo Waomani wengi waliozaliwa Unguja na Pemba na ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani mwao, kuingia operani kwa kanzu na kilemba ni vazi rasmi linalokubaliwa, na tafsiri ya maneno husomwa katika kioo kidogo kilichowekwa nyuma ya kiti kilicho mbele ya mtazamaji, jambo ambalo lingewastaajabisha wasomaji wa mishumaa ya Venice.

Umiliki wa roshani ulikufa polepole. La Scala iliwaondoa wenye roshani mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilipokuwa taasisi inayojitegemea. New York ilichukua muda kidogo zaidi. Jumba la Metropolitan lilijengwa na matajiri wapya waliokataliwa roshani katika jumba la zamani lililokuwa na roshani 18 tu, likafunguliwa tarehe 22 Oktoba 1883, na roshani zake zikabaki mali ya jamaa zao kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1931, siku ya Krismasi, jumba hilo lilianza kurusha opera kamili redioni, na mwaka 1940 kampuni ya opera ililinunua jengo kutoka kwa wenye roshani kwa michango ya umma, ambayo sehemu kubwa ilitumwa na wasikilizaji wa redio. Watu waliokaa maelfu ya kilomita kutoka ukumbini, wengine bila kuwahi kuuona, waliununua kutoka kwa wale walioukalia kwa urithi. Katika historia yote iliyoelezwa hapa hakuna malipo yaliyofanywa kwa haki zaidi ya hayo.

Mahali ambapo mtazamaji wa kudumu bado anaonekana kwa macho ni Vienna, katika sehemu za kusimama. Jumba la opera la mji huo, lililofunguliwa tarehe 25 Mei 1869, liliharibiwa kwa mabomu tarehe 12 Machi 1945 na kufunguliwa tena tarehe 5 Novemba 1955 kwa Fidelio ya Beethoven. Sehemu za kusimama zilirudishwa pamoja na marumaru na vinara vya taa, na zilizo bora kati yake ziko katikati ya ukumbi, nyuma ya viti vya bei kubwa kabisa, zikilitazama jukwaa moja kwa moja. Jumba hili halirudii onyesho moja usiku hadi usiku, bali hubadilisha kazi karibu kila siku kuanzia Septemba hadi Juni, opera leo na baleti kesho, na kwa hiyo mwanafunzi au mstaafu anayesimama mara tatu kwa juma anaweza kulinganisha waimbaji wawili wa nafasi moja ndani ya mwezi mmoja. Mtu wa aina hiyo hana cheti cha muziki, lakini mwimbaji anayepanda jukwaani anajua kwamba hukumu ya kwanza itatoka kwake, na kwamba makofi yanayoanzia pale nyuma hayakununuliwa.

Kwa miaka mingi utaratibu wa kuishika nafasi ulikuwa mfupi. Aliyewahi foleni alikimbilia kwenye reli zilizopangwa kwa ngazi, akachagua mahali pake, akafunga skafu kwenye chuma, kisha akaondoka kwenda kula au kuketi ngazini hadi saa ya kuanza. Skafu hiyo haikuwa na jina wala namba, na kipande cha kitambaa cha bei ndogo kilichofungwa mara moja kiliheshimiwa na mamia ya watu wasiojuana. Hakuna aliyeirithi nafasi ile, na hakuna aliyeweza kuirithisha. Pazia lilipofungwa mwenyewe alifungua skafu yake, na kesho yake alipanga foleni upya.